Mahali ninanunulia dawa ya tiroidi mu Bukavu, na kwa nini sibadilishi

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imeendea wapi nitawaambia, muvumilie kidogo. Ni farmasi ndogo upande wa Nyawera, mu Ibanda, mulango wa chuma, mbele yake kuko mama wa avoka na motari wanaopigania abiria kutwa nzima. Jina siandike, mwenyewe hapendi matangazo na mimi sitaki mutu aende kumusumbua juu yangu. Wenye kupita pale watajua ni wapi. Wengine musome tu, mujue ya kuuliza kwenye farmasi za kwenu, juu mambo ninayosifu hapa hayahitaji mashine wala makuta mingi.

Ninachonunua pale ni kitu kimoja, levotiroksini, homoni ya tiroidi ya kutengenezwa, kinini cha kila asubuhi tangu utoto. Nilizaliwa bila tezi ya tiroidi, ile ya shingoni inayotengeneza homoni ya kuendesha mwili. Si kwamba imevimba, si goita, haiko kabisa, echografi ilipitishwa shingoni wakatafuta wakakosa. Wengine wanazaliwa nayo ndogo sana, wengine ilikwama huko chini ya ulimi haikushuka mpaka mahali pake, wengine iko pale pale ila homoni haitengenezi. Mu nchi zenye kupima kila mutoto anayezaliwa wanakuta 1 kati ya 2,000 mpaka 4,000, kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu vile watu wanazani. Wanachoma kisigino mu siku za kwanza, tone la damu kwenye karatasi, Quebec kule Kanada walianza hivyo mu miaka ya 1970, na mutoto akianza dawa kabla ya wiki mbili kwisha anakua na akili yake kama wengine. Mimi walinigundua na miezi kazaa. Mama anasema nilikuwa mutoto mwema mno, silie, ninalala, macho ya manjano hayaishe, kitovu kimetoka inje, ulimi munene, choo mara moja kwa wiki, na majirani wanamupongeza eti Mungu amemupatia mutoto asiyesumbua.

Basi. Sasa huyu mutoto asiyesumbua amekuwa mutu muzima na kila mwezi lazima aingie farmasi, na hapo njo kuna shida ambayo waganga hawaiandike kwenye karatasi yoyote. Kila farmasi mupya ni kujieleza upya. Nimeshazoea mazungumzo yenyewe, yanaenda hivi: "Dawa hii ni ya nani?" Yangu. "Mbona hauna goita?" Sina, nilizaliwa bila tezi. "Kwani unameza mpaka lini?" Mpaka nife. "Aaa dada, usiseme hivyo, Mungu iko." Na watu watatu nyuma yako kwenye mustari wanakuangalia shingo. Ukifanya hiyo kila mwezi, miaka na miaka, unafika mahali unaona afazali ukae bila dawa kuliko kuanza hadisi tena, na mimi ninajua watu walifika pale wakaacha kweli, si kwamba hawana makuta, ni uchovu.

Mama Farmasi (tunamwita hivyo sisi wote, hata wazee) hakuniuliza mpaka lini. Siku ya kwanza aliangalia boksi yangu ya zamani, akaangalia karatasi ya maabara, akaniuliza: "Na roho iko je?" Nikazani anataka mambo ya kanisa. Hapana, alikuwa anataka kujua kama ninalala, kama ninalia bure bure, kama moyo unapiga mbio usiku, kama ninasikia baridi wakati wengine wanavua koti. Akaandika yote mu kaye. Iko na kaye moja ya ganda gumu, imechakaa kwenye pembe, mule ndani kila mutu wa dawa ya muda murefu iko na ukurasa wake, wa sukari, wa kifafa, wa presha, na sisi wa tiroidi wachache: dozi, jina la boksi ya mwisho, TSH ya mwisho (kile kipimo cha damu, kikipanda ni kwamba dawa haitoshi) na tarehe yake, na siku boksi itaisha. Siku chache mbele ya kuisha anatuma mesaji. Si programu, si nini, ni simu ndogo ya kubonyeza, "dada boksi yako iko hapa". Ni hiyo tu. Lakini nyie wenye hamujawahi kuamka saa tisa usiku mukihesabu vinini vilivyobaki kwenye plaketi, hamutaelewa ile mesaji inafanya nini mu mwili wa mutu.

Kitu kingine ninachomupendea ni kwamba hakubadilishii boksi kimya kimya. Kuna wakati ile ninayozoea haikufika, ikafika ya kampuni ingine, miligramu zile zile, yaani mikrogramu, kinini kinafanana. Kwingine wangeweka mu sacheti na kukuambia ni sawa tu. Yeye aliiweka kwenye kontwari, akanielezea ni ya nani na imetoka wapi, akasema ukikubali kuichukua urudi kupima TSH kisha wiki 6 mpaka 8, juu hii dawa iko na mizani ndogo, kazi yake ni ya vipande vidogo vidogo na mwili unasikia tofauti. Ufaransa 2017 kampuni ya Merck ilibadilisha muundo wa Levothyrox, wakatoa laktozi wakaweka manitoli na asidi ya sitriki, homoni yenyewe ni ile ile, na maelfu ya watu wakalalamika: uchovu, nywele kutoka, kizunguzungu, roho chini. Ubishi ulifika mpaka kwa majaji. Mimi siingie mu ubishi wa nani alikuwa na haki, ninachosema ni kwamba mutu anayemeza maisha yake yote ana haki ya kuambiwa mbele ya kulipa.

Nitawaelezea kitu kimoja nilikiona pale kwa macho yangu, juu njo kinaonyesha farmasi yenyewe kuliko mineno yangu. Mbele yangu kulikuwa mama mumoja na kijana wake wa shule ya musingi. Karatasi ya maabara mukononi, TSH iko juu, na hii si mara ya kwanza, dozi imeshaongezwa na bado. Mama amechoka, sauti imekauka, anasema mutoto anameza kila siku, yeye mwenyewe anamusimamia, lakini mwalimu analalamika kwamba analala darasani, hesabu zinamupita, wenzake wanakimbia mupira yeye anakaa kwenye jiwe, na nyumbani anasema tu "mama niache". Baba yake anasema ni uvivu. Mama Farmasi hakukimbilia boksi ya nguvu zaidi.

"Anameza saa ngapi?"

"Asubuhi, mbele ya shule."

"Na nini?"

"Na bui."

"Bui ya nini, mama yangu?"

"Ya masoso. Kinini ninakisaga ninachanganya mule ndani, juu kikiwa kikavu anatema."

Wenye hawajui, masoso ni unga wa mahindi, soya na sorgo, mama zetu karibu wote wanakuza watoto nayo, na ni chakula kizuri kabisa, ila soya inashika hii dawa tumboni inaizuia kupita. Kwa hiyo yule kijana alikuwa anameza kila siku na sehemu ya dawa inatoka na choo. Mama Farmasi akachukua kijiko cha chai, akaweka maji kidogo, akaonyesha: saga hapa, koroga, umunyweshe yote, kisha ungoje nusu saa ao saa moja, njo bui ije, na ile ya soya ibakie ya mangaribi. Siro ya feri (madini ya chuma) nayo iende mbali, masaa 4, kalsiomu vile vile. Halafu akakatalia kabisa kuuza dozi kubwa siku ile, akasema rudi kwanza kwa munganga umwambie habari ya bui, juu tukiongeza dozi na bui tuondoe kwa siku moja, moyo wa mutoto utapiga mbio. Mutu anayekataa kuuza, mu Bukavu hii, na kodi iko pale inamungoja! Kisha akainama kwa kijana: "Wewe si mvivu, unasikia? Dawa haikuwa inafika." Yule kijana hakusema kitu, alimwangalia mama yake tu, kama anataka ahakikishe kwamba na yeye amesikia.

Mimi nilitoka pale na machozi karibu, juu mimi hiyo sentensi hakuna mutu aliniambia nikiwa na miaka kama yake.

Kwa upande wa roho niseme kidogo, juu njo sababu ya kweli ninaandika. Dawa ikiwa chini unakuwa muzito, baridi, unasahau majina, kila kitu hakina ladha, na watu wanaiita uvivu ao huzuni ao wamekuloga. Ikiwa juu sana unatetemeka, haulale, unagombana na watu bure, na wanaiita tabia mbaya. Yaani hujui ni wewe ao ni kinini. Hii swali inachosha kuliko ugonjwa. Utafiti mukubwa wa Ufaransa uliotoka 2011 ulifuata vijana zaidi ya 1,000 waliozaliwa na huu ugonjwa na kugunduliwa mapema kwa tone la kisigino, na hata wao, wenye walipata kila kitu kwa wakati, kwa ujumla walijipimia maisha yao chini kidogo ya vijana wenzao, sana-sana kwa upande wa roho, na wengi zaidi walikuwa bado wanaishi kwa wazazi. Kwa wenye tezi ilikosa sana tangu mwanzo ao dawa haikufuatwa vizuri ilikuwa zaidi. Munganga wangu njo alinionyesha hiyo, na badala ya kunivunja moyo ilinituliza, nikaona kumbe si mimi tu ninajitungia.

Lakini kuna upande mwingine, na hapa Mama Farmasi amenisaidia kuliko munganga. Kuna wakati nilifika pale ninajikokota, nikamwambia ongeza dozi, roho imekufa. Akaniambia pima kwanza. Nikapima, TSH iko sawa kabisa, muzuri mpaka inakasirisha. Nikarudi na karatasi, ninamwangalia kama yeye njo amenidanganya. Akasema: "Dada, tezi haiwezi kubeba kila kitu. Wewe pia uko na haki ya kuhuzunika kama mutu yeyote wa huu muji." Akaniandikia jina la mwanasaikolojia mumoja wa kwenye hopitali, akasema huyu anasikiliza, haanze na mistari ya Biblia. Nilienda. Ilinisaidia? Ndiyo, polepole, hiyo ni hadisi ingine. Ila mutu wa kontwari kujua mahali kinini chake kinaishia, hiyo sijawahi kuiona kwingine.

Mwezi wa pili 2025, zile siku waasi wa M23 wanaingia mu Bukavu, maduka yamefungwa, watu wanapora, uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, banki zimefungwa, mimi nilikuwa na vinini vya kuhesabu na nikaanza kuvikata nusu nusu. Nikampigia. Hakunipa siasa, alinielezea kitu kimoja tu: hii dawa haitoke mu mwili haraka, nusu yake inabaki hata kisha siku 7 hivi, kwa hiyo mutu muzima akikosa siku mbili tatu hafe, asikate, ameze dozi yake vile iko na akae nyumbani, dawa itapatikana. Akaongeza kwamba kwa mutoto muchanga si hivyo, mutoto muchanga asikose. Nililala ule usiku, na risasi zinalia. Miaka yote hiyo hakuna aliyenielezea hesabu yenyewe, na ni hesabu ya sekonde kumi.

Niseme pia habari ya chumvi. Mama yangu ni wa kisiwa cha Idjwi, na ukisema tiroidi na Idjwi mu sentensi moja hapa kwetu, watu wameshamaliza kukupima kwa macho. Sababu iko: mu miaka ya 1960 watafiti wa IRSAC, ile taasisi ya utafiti ya Lwiro, na munganga Mubelgiji François Delange kati yao, walizunguka kile kisiwa wakakuta goita nyingi, sana-sana upande wa kaskazini, na watoto waliozaliwa na akili na kimo vimerudi nyuma. Iyodini, madini ambayo tezi inatumia kutengeneza homoni, ilikuwa imekosa mu udongo na mu chakula, na muhogo usiolowekwa vizuri ulikuwa unazidisha ile shida, juu kuna kitu ndani yake kinazuia tezi kushika hata ile iyodini kidogo. Chumvi yenye iyodini imesaidia sana tangu hapo. Sasa kila shangazi akinitembelea ananiletea chumvi, na mwingine ananikataza bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo), nikiwa na njaa yangu pale mezani. Nilimuuliza Mama Farmasi, akacheka: kwako wewe chumvi ni kuletea mutu kuni na hana jiko. Kula nayo kama watu wote, kula sombe yako, meza kinini. Ile jioni nilikula sombe na samaki mpaka nikashindwa kusimama.

Sasa nyota iliyotoka. Iko na kijana anayemusaidia, mwenye heshima, muchapakazi, lakini sauti yake! Ukiingia anaita huko ndani: "Mama ya goita amefika!" Mbele ya kila mutu. Kwanza goita sina, pili hata ningekuwa nayo ni ya kutangazwa na spika? Nimemwambia, akaomba musamaha, kisha akarudia kwa mwingine wa kifafa, na ile ilikuwa mbaya zaidi juu mu kartie yetu wa kifafa wanakimbiwa. Kile kinachofanya farmasi hii iwe nzuri, yaani kuulizwa habari za roho na za choo na za mwezi, kinafanyikia kwenye kontwari, watu wakisikia. Kuna nafasi nyuma pale, kati ya frigo na makartoni, viti viwili na pazia vingetosha. Nimemwambia mwenyewe uso kwa uso kwa hiyo simuseme nyuma, alisema atafanya, pazia bado.

Bei inazidi kidogo ya depo za dawa za Kadutu, ninajua, msiniandikie. Ila mu soko utakuta plaketi zimekatwa mukasi, tarehe imebaki upande wa mwingine, zimekaa kwenye sahani juani tangu asubuhi, na hii dawa haipende joto, mwanga wala unyevu, inatakiwa chini ya digri 25 na ibaki mu plaketi yake mpaka siku ya kuimeza. Bukavu baridi inatusaidia kidogo, wenzetu wa Uvira waangalie zaidi. Yeye anauza boksi nzima, na kama hauna makuta ya boksi nzima anakuandikia deni mu ile ile kaye, amenifanyia, sitaseme mara ngapi.

Kwa wanaotaka mimba: mwambieni mapema, mimba ikishika tu dozi kwa kawaida lazima ipande, na munganga apime haraka, musingojee tumbo lionekane. Yeye mwenyewe atawauliza hata mukisahau, ameshaniuliza mimi na bwana sina.

Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, siku ya posho (Jumamosi) hapana, mwenyewe ni Muadventisti, Jumapili iko. Peleka boksi ya zamani, karatasi ya mwisho ya TSH, na useme ukweli wa unachokula asubuhi. Na ukimukuta kijana peke yake, usiseme kitu kwa mudomo, andika kwenye karatasi umupatie.